Jarida Lililopita Kampala: Elimu ya Kiswahili na Milango ya Maktaba

Wanafunzi wetu wengi huamini kwamba utafiti wa Kiswahili ni wa Dar es Salaam, Nairobi na Unguja, na kwamba sisi wa Uganda ni wageni waalikwa tu. Historia haikubaliani nao. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji wa Kiswahili katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, ilianzia Dar es Salaam, ikahamia Nairobi mwaka 1942, na kuanzia 1952 hadi 1962 makao yake yalikuwa Makerere. Kisha ilipitia Mombasa na kurejea Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 iligeuzwa kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili. Hiyo ndiyo asili ya TUKI na, tangu 2009, TATAKI.

Kamati hiyo ilikuwa na jarida lake, ambalo tangu 1970 linaitwa Kiswahili. Kwa takriban miaka kumi, basi, jarida kongwe la taaluma yetu lilihaririwa hapa Kampala. Swali tunalotaka kuliuliza ni hili: nani aliweza kulisoma? Sehemu kubwa ya makala zake wakati huo iliandikwa kwa Kiingereza, nayo ilisomwa zaidi na maofisa, wamisionari na wataalamu wa vyuo vya Ulaya. Mwalimu wa shule ya kijijini, hata kama alikijua Kiswahili kuliko mhariri, hakuwa miongoni mwa wasomaji waliokusudiwa.

Miswada nayo ina kisa kama hicho. Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen, aliyepata kuwa katibu wa Kamati hiyo, alizunguka pwani akikusanya tenzi na maandishi mengine yaliyokuwa yakihifadhiwa majumbani mwa watu. Mkusanyo huo uliwekwa katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Lakini orodha yake, ambayo ndiyo ufunguo wa msomaji, ilichapishwa mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1970. Mali ilikuwa kwetu, na ufunguo ukauzwa ng'ambo kwa fedha za kigeni.

Fedha hizo ndizo zilizokuja kuzikausha maktaba zetu. Katika miaka ya 1970 na 1980 uchumi wa nchi zetu ulidorora, na hapa Uganda vita na utawala wa kijeshi vilizidisha dhiki. Wakati huohuo wachapishaji wakubwa wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipandisha bei za majarida yao mwaka hadi mwaka. Wakutubi hawakuwa na budi kukatisha usajili. Ndiyo maana katika rafu nyingi matoleo ya jarida hufuatana vizuri hadi mwaka fulani, kisha hukatika ghafla.

Mabadiliko yaliletwa na intaneti. Mwezi Februari 2002 kundi la wasomi na wakutubi lilitoa tamko lililoandaliwa katika mkutano wa Budapest, likitaka makala za kitaaluma zisomwe bure na yeyote. Tamko hilo lilipendekeza njia mbili. Ya kwanza ni mwandishi kuweka nakala ya makala yake katika hazina ya kidijitali iliyo wazi kwa wote. Ya pili ni kuwa na majarida yasiyomtoza msomaji. Huo ndio tunaouita upatikanaji huria.

Taaluma yetu haikubaki nyuma. Jarida la Swahili Forum, lililoanzia Chuo Kikuu cha Köln, Ujerumani, mwaka 1994, lilianza kutolewa bure katika intaneti mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko London, chuo cha SOAS kiliweka katika mtandao orodha na picha za miswada yake ya Kiswahili. Maktaba ya Makerere nayo ilianzisha hazina yake ya kidijitali katika muongo huohuo. Baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, kufungua makala moja hakukuwa tena kazi ya asubuhi nzima.

Hata hivyo, tusidhani kwamba mlango ukifunguliwa umefunguliwa kwa wote. Yapo majarida ambayo hayamtozi msomaji lakini humtoza mwandishi, tena kwa dola. Mhadhiri wa Kampala au Bujumbura anayeweza kusoma kila kitu lakini hawezi kulipia kuchapishwa anarudishwa pale alipokuwa mwalimu wa mwaka 1955: elimu inamhusu, lakini sauti yake haimo. Wapo pia matapeli wanaojiita wachapishaji, ambao hupokea ada na kutoa makala bila kuzipitisha kwa mhakiki yeyote.

Kwa hiyo njia ya kwanza ya Budapest ndiyo inayotufaa zaidi, kwa kuwa haihitaji ada kwa mwandishi wala kwa msomaji. Kinachohitajika ni mkutubi, kompyuta na desturi. Tasnifu za wanafunzi wetu kuhusu Kiswahili cha masoko, cha kambi za jeshi na cha mipakani haziwezi kuandikwa na mtu aliye mbali. Zikibaki kabatini kwa msimamizi, mtafiti wa kesho atalazimika kutegemea yaliyoandikwa na wageni juu yetu.

Tunawaomba walimu wenzetu waifanye kuwa kawaida: tasnifu ikishapitishwa, nakala yake ipelekwe maktaba, na mwanafunzi aelezwe haki zake kabla ya kutia sahihi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jarida lilipoondoka Kampala mwaka 1962 hatukuwa na uwezo wa kulizuia. Haya yanayoandikwa sasa yamo mikononi mwetu.