Taka au Mtumba? Historia Fupi ya Fasili Moja

Mfasiri anayekabidhiwa hati za forodha hukutana na istilahi mbili zinazokaribiana: kifaa kilichotumika na taka. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti yake ni ndogo. Katika sheria ya mataifa, tofauti hiyo huamua kama kontena litapokelewa au litarudishwa lilikotoka. Inafaa basi tueleze chimbuko lake.

Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba taka zenye sumu kutoka Italia zilikuwa zimerundikwa Koko, bandari ndogo ya Nigeria. Kashfa hiyo, pamoja na nyingine za miaka hiyo, iliharakisha Mkataba wa Basel, uliopitishwa nchini Uswisi tarehe 22 Machi, 1989, na kuanza kutumika tarehe 5 Mei, 1992. Kanuni yake kuu ni kwamba taka za hatari zisivushwe mpaka kabla nchi inayopelekewa haijaarifiwa na kutoa idhini kwa maandishi. Nchi za Afrika ziliona hayo hayatoshi. Kwa Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 zilipiga marufuku uingizaji wa taka hizo kutoka nje ya bara.

Lakini taka ni nini? Mkataba wa Basel wasema ni kitu kinachotupwa, kinachokusudiwa kutupwa, au kinachopaswa kutupwa kwa sheria ya nchi. Fasili hii yategemea nia, na nia haipimwi bandarini. Kompyuta mbovu iliyoandikwa "kilichotumika" hupita kama bidhaa. Ikifika huvunjwa, na nyaya zake huchomwa ili ipatikane shaba, kama ilivyofanyika kwa miaka mingi Agbogbloshie, mjini Accra, na Guiyu, nchini China.

Wanachama wa Mkataba walitoa Azimio la Nairobi kuhusu taka za kielektroniki mwaka 2006. Mwaka 2015 walikubali, kwa muda, mwongozo wa kupambanua taka na kisicho taka. Tangu tarehe 1 Januari, 2025, taka zote za kielektroniki, ziwe za hatari au zisiwe, huhitaji idhini. Hata hivyo kibali hicho chahusu taka tu. Swali la awali, yaani kipi ni taka, limebaki palepale.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohusika. Neno mtumba, ambalo asili yake ni robota la mizigo, sasa hutumika kwa vitu vilivyokwisha kutumiwa, nalo hubeba maana ya biashara halali. Kuiita televisheni iliyokufa mtumba ni kuificha. Twapendekeza kilichotumika kiwe kile tu kilichojaribiwa kikathibitika kufanya kazi. Kinachopelekwa kwa fundi kiitwe kibovu cha kutengenezwa. Na kisichofaa kwa lolote kati ya hayo kiitwe taka, bila kupambwa. Ofisa wa forodha akisoma hati iliyotungwa hivyo atajua la kuuliza kabla hajatia muhuri.