Choki na Thamostati: Historia ya Vifaa Viwili vya Baridi katika Kisiwa cha Joto

Miongoni mwa vifaa vilivyofika Unguja ndani ya motokaa, vilikuwamo viwili ambavyo mtu akivitazama kwa haraka angedhani vimepotea njia. Kazi ya vyote viwili ni kuisaidia injini iliyo baridi: kimoja ni choki, cha pili ni thamostati. Unguja si nchi ya baridi. Hata wakati wa kipupwe, kusi inapovuma tangu Juni mpaka Agosti, ni nadra joto kushuka chini ya digrii 20 za sentigredi. Pamoja na hayo, choki ilipokelewa na madereva na mafundi, ikapata jina na misemo yake. Thamostati, ambayo kazi yake si ndogo kuliko ya mwenzake, mara nyingi ilifunguliwa ikatupwa. Makala hii yakusudia kutafuta sababu ya tofauti hiyo, kwani yaonekana kuwa sababu yenyewe imo katika lugha kama ilivyo katika ufundi.

Kamusi ya Madan ya Kiswahili kwa Kiingereza ilipigwa chapa mwaka 1903, kabla motokaa haijawa chombo cha kawaida katika Afrika ya Mashariki. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1905, reli ya Bububu ilianza kazi, na wenyeji wakaliita gari lake gari la moshi. Neno gari, ambalo asili yake ni Kihindi, lilikuwa limekwisha kuzoeleka, likaongezewa sifa tu. Motokaa ilipokuja haikutosheka na sifa. Ilileta jina lake yenyewe, na nyuma yake msafara mzima wa majina: injini, breki, gia, klachi, plagi, rejeta, kabureta. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930. Lakini maneno haya hayakungoja idhini ya mkutano wala kamati. Yalizaliwa katika gereji, katika vinywa vya watu wenye mikono ya grisi, nayo yalikwenda mbio kuliko wino wa wataalamu.

Kwa kuwa Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890 hata 1963, magari mengi yaliyoonekana njiani yalikuwa ya Kiingereza: Morris, Austin, Land Rover, na malori ya Bedford ambayo mafundi seremala waliyaundia mabodi ya mbao ili yachukue abiria na mizigo baina ya mjini na mashamba. Magari hayo yalitengenezwa na watu ambao kwao asubuhi ya Januari ni barafu. Basi dereva aliyekuwa akitoka Darajani kwenda Chwaka au Makunduchi alikuta mbele yake kishikio kidogo cha kuvuta, kilichowekwa pale kwa ajili ya baridi ya Birmingham na Oxford.

Yafaa tueleze kazi ya kishikio hicho. Petroli haiwaki ikiwa maji. Huwaka ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa, na kipimo cha kawaida ni kama sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzani. Injini ikiwa baridi, petroli nyingi hugandama kwenye kuta za mabomba badala ya kugeuka mvuke, na ule mchanganyiko unaofika kwenye cheche huwa mwepesi mno, hauwaki. Dereva akivuta choki, kilango kidogo hujifunga mdomoni mwa kabureta na kupunguza hewa, hivyo mvuto wa injini huzidi kufyonza petroli. Katika kabureta za SU, ambazo zilitumika katika Morris nyingi, hakuna kilango cha namna hiyo. Choki huishusha chini ile njia ya petroli ili itoke kwa wingi zaidi. Njia ni mbili, jina ni moja, na matokeo ni mamoja.

Hapa ndipo penye fumbo la baridi ya Unguja. Baridi ya fundi si baridi ya mtu aliyejifunika shuka. Injini ya maji hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la digrii kama 80 hata 90. Gari lililolala usiku kucha uani, alfajiri ya digrii 25, limepungukiwa na digrii 60 hivi, ijapokuwa mwenyewe anatokwa na jasho. Kwa hiyo choki haikuwa kitu cha bure kisiwani. Ilikuwa na kazi ya muda mfupi tu. Huko Limuru au Njombe dereva angeiacha imevutwa kwa muda mrefu zaidi; Unguja ilitosha kuvuta, kuwasha, na kurudisha upesi. Aliyesahau kurudisha aliadhibiwa: moshi mweusi, plagi zilizojaa masizi, na petroli isiyoungua ikateremka na kuyachuja mafuta ya kulainishia kwenye kuta za silinda.

Adhabu hiyo ndiyo iliyofundisha lugha. Neno la Kiingereza lililozaa choki maana yake ni kukaba koo. Waswahili waliichukua sauti bila kuichukua picha, wala hawakusema kwamba gari limekabwa. Walitia picha yao wenyewe: gari linakula mafuta, injini inamisi, imechemsha. Kadhalika hawakutafuta jina la kile kikanyagio cha kuongeza mwendo; walisema kanyaga mafuta, yaani walilitaja tokeo, wakakiacha chombo. Kuvuta choki na kurudisha choki ni vitenzi viwili vya mkono, na dereva aliyajua maana yake kwa kuona na kusikia palepale. Tena neno silensa, ambalo kwa asili ni jina la chombo cha kupunguza kelele za moshi, kwa mafundi wengi wa Tanzania limekuwa jina la mwendo wa injini inapotulia bila kukanyagwa. Ndiyo maana husema silensa iko juu asubuhi, injini ingali baridi. Mtunga kamusi atakayefasiri neno hilo kwa kufuata asili yake ya Kiingereza atamkosea fundi, na fundi hatamwelewa.

Sasa tuitazame thamostati. Hiki ni kilango kilichofichwa katika njia ya maji, baina ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi kilango hufunga, maji yakazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto upesi. Joto likikaribia digrii 80 na kitu, nta hutanuka, kilango hufunguka, na maji huenda kwenye rejeta kupoa. Kazi hii hufanyika yenyewe. Hakuna kishikio cha kuvuta, wala kitenzi cha dereva, wala msemo. Jina lilikuja tupu, na katika nchi ya joto jina tupu lilifasiriwa na dhana: hiki ni kifaa cha Ulaya, kazi yake ni kuzuia maji, na gari likichemsha cha kwanza ni kukitoa. Desturi hii imeenea Afrika ya Mashariki, wala haikukoma pamoja na kabureta.

Hasara yake si ya maneno tu. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Magari yaliyokuja baadaye, ambayo hupimiwa petroli na kompyuta badala ya kabureta, hupata habari za joto kutoka kwenye maji. Kompyuta ikiambiwa kwamba injini ingali baridi, huendelea kuongeza petroli kana kwamba choki imevutwa kutwa nzima. Na katika baadhi ya injini, kilango hicho kikiondolewa, maji ya moto huipita rejeta kando, na gari likachemsha zaidi kuliko kwanza. Mwenye gari hulipa mara mbili kwa ajili ya neno ambalo hakuna aliyemfasiria.

Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nasi twaweza kuongeza kuwa istilahi ni mojawapo ya nyenzo hizo. Choki ilisimama kwa sababu ilikuwa na mkono unaoivuta, na haina haja ya kubuniwa jina jingine la kukaba wala la kuziba. Thamostati haikuwa na mkono, kwa hiyo ilihitaji maelezo, na maelezo hayo ndiyo kazi ya wataalamu wa lugha. Labda ingeitwa kilango cha joto, jina lake lingeitetea kabla ya spana kufika.

Jambo hili lina haraka yake. Magari ya kabureta yamekuwa machache. Katika gereji za Ng'ambo na Amani vijana wengi hujifunzia magari ya Kijapani yasiyo na kishikio cha choki. Neno lenyewe lingali hai kwenye Vespa, kwenye pikipiki za kabureta, na baharini pia, kwani mvuvi mwenye mashine ya nje ya petroli huvuta choki kabla ya kuvuta kamba. Lakini misemo iliyolizunguka imo vichwani mwa mafundi wazee. Yatupasa tuikusanye pamoja na maana zake wangali wapo wa kutusahihisha, maana katika historia ya lugha yetu gereji nayo ni maktaba, na vitabu vyake havina nakala ya pili.