Kufa Njaa: Neno "Starve" na Msamiati wa Njia ya Misafara

Usinge, magharibi ya Tabora, ni kituo cha reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli, nchi hiyo ilipitiwa na misafara iliyotoka Unyanyembe kwenda Ujiji kwa kuvuka mto Malagarasi. Mpagazi alibeba pembe, nguo au shanga. Chakula kilinunuliwa vijijini njiani. Palipokuwa na vita, kama vile vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilivyoanza mwaka 1871, vijiji vilihamwa na misafara ikalala na njaa.

Neno lenyewe, njaa, halikuwa geni huko bara. Wanyamwezi husema nzala, Waganda enjala, na Wachewa njala. Kiswahili kimedondosha l iliyokuwamo, kama kilivyofanya katika mvua, ambayo kwa Kinyamwezi ni mbula. Mswahili wa pwani na mpagazi wa Unyamwezi walikuwa na neno moja la asili moja, lililotofautiana kwa matamshi tu.

Historia ya neno la Kiingereza "starve" ni ya namna nyingine. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa steorfan, na maana yake ilikuwa kufa, kwa sababu yoyote ile. Kijerumani kimeihifadhi maana hiyo katika sterben. Kwa hiyo afisa wa Kijerumani aliyekaa Tabora kabla ya mji huo kutekwa na Wabelgiji Septemba 1916, na Mwingereza aliyetawala baadaye, walitumia maneno ya shina moja: la kwanza likitaja kifo chochote, la pili kifo cha njaa. Kwa karne kadhaa Waingereza walilazimika kutaja sababu, wakisema mtu amekufa hivyo kwa njaa au kwa baridi. Hatimaye sababu moja ikamezwa na kitenzi. Hata hivyo, katika lahaja za kaskazini mwa Uingereza neno hilo liliendelea kuhusu kupigwa na baridi.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Kitenzi kufa kimebaki na upana wake, na sababu huwekwa mara baada yake bila kihusishi: kufa njaa, kufa maji. Muundo huu unastahili kuangaliwa na wafasiri, kwani ndio unaokaribiana na Kiingereza cha kale kuliko cha leo. Jambo moja lugha zote mbili zinashirikiana: mtu aliyechelewa kula mchana husema anakufa njaa, wala hakuna anayemwandalia sanda.

Maana zilizobadilika zaidi katika Kiswahili ni za maneno yaliyoizunguka njaa njiani. Posho ilikuwa chakula cha kila siku cha mpagazi, kilichopimwa kwa kibaba, au nguo za kukinunulia. Nchini Uganda ikawa jina la ugali. Nchini Tanzania ikawa fedha, hata mwaka 2011 wabunge wakabishana juu ya posho za vikao. Hongo, ushuru uliolipwa kwa watemi ili msafara upite, imekuwa rushwa.

Njaa, kwa upande wake, imebaki pana mno. Kiingereza kina "hunger" kwa tumbo la mtu mmoja na "famine", lililotoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa, kwa nchi nzima. Kiswahili husema njaa kwa yote mawili, na baa la njaa panapohitajika mkazo. Upana huo una gharama. Januari 2017 Rais John Magufuli alikanusha kwamba Tanzania ina njaa, huku wapinzani wakisisitiza kuwa ipo. Ugomvi ulihusu ghala na mvua, lakini pia mpaka wa neno, yaani upungufu wa chakula huanza lini kuitwa njaa.

Walioipitia njaa kubwa waliuepuka utata huo kwa kuipa jina lake. Wakamba waliiita njaa ya mwisho wa karne ya 19 kwa jina lenye maana ya iliyoenea kila mahali. Ugogo, ambako misafara ya Tabora ilikuwa ikilipa hongo, majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalichukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Wanahistoria hukadiria kuwa watu 30,000 kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa. Wagogo hawakuiita njaa tu. Waliiita Mtunya, yaani kinyang'anyiro.