Kabla ya Dodoma kupandikiza figo: mvutano ulioanzia Usagara

Machi inapofika, Dodoma ina sababu mbili za kuzungumzia figo. Moja ni ya dunia nzima: Siku ya Figo, inayoadhimishwa Alhamisi ya pili ya mwezi huo tangu 2006. Nyingine ni yetu. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, madaktari wake wakisaidiana na wenzao wa Tokushukai kutoka Japani. Muhimbili ilikuwa imetangulia kwa miezi michache tu, Novemba 2017. Tuna haki ya kujivunia. Lakini sifa zote huenda kwa kisu cha upasuaji, na utrasaundi, kipimo kinachomchunguza mtoaji kabla na kufuatilia mtiririko wa damu kwenye figo mpya baadaye, husahaulika.

Chimbuko lake linajulikana. Mwaka 1955 daktari Ian Donald wa Glasgow alipima uvimbe uliokwisha kutolewa kwa wagonjwa, akitumia mtambo wa kiwandani wa kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti. Matokeo yalichapishwa 1958, na 1961 madaktari wa Marekani wakatumia mawimbi hayohayo kusaka mawe ya figo.

Kwetu Tanzania habari ya kupima figo ilianza kwa ubishi kuhusu kichocho, ugonjwa wa minyoo unaoshambulia njia ya mkojo, tena kabla ya mashine ya utrasaundi kufika. Katika miaka ya 1960 wataalamu wengi walikiona kichocho kuwa ugonjwa mwepesi. Mtoto anakojoa damu, ndiyo, lakini anacheza, anakwenda shule, anakua. Sehemu nyingi za Afrika hata wazazi waliichukulia damu hiyo kuwa dalili ya mvulana kupevuka. Kwa nini basi fedha haba zitolewe kwenye malaria?

Watafiti Derek Forsyth na George Macdonald hawakukubali. Walikwenda Shule ya Usagara, Tanga, wakawachoma wanafunzi sindano ya dawa inayoonekana kwenye eksirei, kisha wakapiga picha njia ya mkojo kutoka figo hadi kibofu. Hawa walikuwa watoto wa darasani, si wagonjwa wa wodini. Hata hivyo picha zilionyesha mirija iliyotanuka na figo zilizovimba kwa mkojo uliokosa njia. Taarifa yao ilitoka 1965; mwaka uliofuata wakatoa nyingine kutoka Shule ya Donge, Unguja. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu kusema kichocho ni mchezo wa watoto.

Swali likabaki: figo ile itapona mtoto akikua, au itakufa kimyakimya? Ili kulijibu ilibidi mtoto yuleyule apigwe picha tena na tena, na kila picha ni sindano na mionzi. Daktari gani mwenye dhamira njema angemfanyia hivyo mtoto asiyelalamika?

Utrasaundi ndiyo iliyofungua njia, kwa kuwa haina mionzi na mashine ndogo hubebeka hadi shuleni. Mtoto hunywa maji hadi kibofu kijae, mpimaji akatazama unene wa ukuta wake na uvimbe ulioota ndani, kisha akapanda kwenye figo. Mkojo huonekana mweusi kwenye kioo, hivyo figo iliyofurika haijifichi. Ikionekana imetanuka, mtoto huenda kukojoa na kupimwa upya, maana kibofu kilichojaa peke yake chaweza kudanganya. Mwaka 1990 watafiti Christoph Hatz, Charles Mayombana na wenzao walichapisha matokeo ya vipimo vya wanafunzi wa kusini-mashariki mwa Tanzania waliopewa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Madhara mengi yalirudi nyuma baada ya dawa. Forsyth na Macdonald walikuwa sahihi kuhofia, na sasa kulikuwa na cha kufanya. Mwaka 2000 ukatoka mwongozo wa kimataifa wa kupima kichocho kwa utrasaundi.

Majeruhi nao wamefaidika na utrasaundi. Baada ya tetemeko la Armenia la Desemba 1988, madaktari walipima matumbo na figo za majeruhi 400 ndani ya siku tatu, kila mmoja kwa dakika chache. Dodoma, iliyopoteza watu 281 katika ajali ya treni ya Igandu ya Juni 24, 2002, inaelewa thamani ya dakika hizo.

Leo mashine nyingi zaidi zipo, lakini mjini na vijijini utrasaundi bado inajulikana kama kipimo cha wajawazito. Hili linaniuma. Uwanda huu mkavu wa Dodoma huishi kwa malambo na mabwawa, Hombolo la mwaka 1957 likiwamo, na konokono wanaoeneza kichocho hupenda maji yaliyotulia. Mtoto anayekojoa damu anastahili kupimwa kibofu na figo zote mbili katika kituo cha afya kilicho karibu na kwao, apewe prazikwanteli, kisha aitwe tena baada ya miezi sita ili mpimaji aone kama ukuta wa kibofu umerudi kuwa mwembamba.