Kidole Gani Kichomwe?

Juma hili, ndugu msomaji, tuzungumzie jambo dogo la maabara. Umekwenda na homa yako, mpimaji anakuambia ulete mkono. Unamnyooshea kidole cha shahada, naye anakiacha, anashika kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kwa nini?

Habari ya tone hilo ni ndefu. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliona vimelea vya malaria katika damu ya askari mgonjwa huko Constantine, Algeria. Mwaka 1904 Gustav Giemsa, mfamasia aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitangaza rangi ya kupaka damu kwenye kioo ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Lakini kulipata tone kulikuwa shida. Ronald Ross, alipokuwa Calcutta mwaka 1898, watu walimkwepa hata alipowaahidi fedha. Mji ulikuwa na hofu ya tauni na ya sindano zake. Tusiwacheke. Kwetu enzi za wakoloni uvumi wa mumiani uliwatimua wengi. Asiyeelezwa damu yake inakwenda wapi hujitafutia maelezo mwenyewe.

Basi vidole. Gumba lina ngozi nene. Cha shahada ndicho mtumishi wa kila kazi. Muulize fundi cherehani atashonaje kikiuma. Cha mwisho kina nyama chache, ncha yaweza kugusa mfupa. Tena ala za kano za gumba na za kidole cha mwisho kwa watu wengi zimeungana na kiganja, hivyo usaha ukiingia huko hupanda. Vinabaki cha kati na cha pete, na cha pete hakina kazi nyingi. Mkono ni wa kushoto kwa kuwa wengi wetu twala na kuandika kwa wa kulia. Huchomwa ubavuni mwa ncha, maana katikati ndiko kunakouma zaidi. Mtoto mchanga huchomwa kisigino.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kisindano ni hoja kubwa kuliko kidole. Tangu ukimwi ulipojulikana katika miaka ya 1980, hakuna udhuru wa kuchoma watu wawili kwa kimoja. Kifunguliwe mbele yako. Kisipofunguliwa, uliza, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika.