Gombo la Engedi lililosomwa bila kufunguliwa



Engedi tunaijua kwa habari za Daudi, aliyejificha pangoni huko Sauli alipomtafuta amwue (1 Samweli 24). Ni mahali penye chemchemi, kando ya Bahari ya Chumvi. Karne nyingi baadaye Wayahudi walikuwa na kijiji hapo, na sinagogi lao. Karibu mwaka 600 baada ya Kristo kijiji kiliteketea kwa moto.

Mwaka 1970 wachimbuaji walifukua sinagogi hilo. Pale palipowekwa sanduku takatifu walikuta vipande vyeusi kama makaa. Yalikuwa magombo ya ngozi, lakini ukiyagusa yanavunjika, ukitaka kuyakunjua unabaki na majivu mkononi. Basi wakayaweka akiba. Yalikaa zaidi ya miaka 40 bila mtu kujua yameandikwa nini. Sisi tunawasifu watu hao. Kutunza kitabu unachosoma kila siku ni rahisi. Wao walitunza makaa.

Kisha gombo moja likapigwa picha kwa mashine iliyo ndugu ya skaneri ya hospitali, ile inayoona ndani ya mwili bila kupasua. Picha zilipelekwa Marekani kwa profesa Brent Seales wa Chuo Kikuu cha Kentucky. Programu yake ya kompyuta ilifuata ngozi jinsi ilivyojikunja, tabaka kwa tabaka, ikainyoosha kwenye kioo cha kompyuta. Wino ukaonekana, maana ulikuwa mzito kuliko ngozi. Habari ilitangazwa mwaka 2015, na uchunguzi kamili ukachapishwa 2016: ni Mambo ya Walawi, sura ya 1 na ya 2. Ndiyo, kitabu kile kile ambacho wengi wetu hukiruka!

Kipimo cha kaboni kilionyesha karne ya 3 au ya 4. Wataalamu walipolinganisha, herufi za Kiebrania zilizosomeka zilikuwa sawasawa na zile za nakala zilizoandikwa mamia ya miaka baadaye, ambazo tafsiri zetu hutegemea.

Tufurahi, lakini tusipite ushahidi. Magombo ya Qumrani, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947, yanaonyesha pia nakala zinazotofautiana. Kitabu cha Yeremia kilikuwako kirefu na kifupi. Tena wako wauza uongo. Mwaka 2020 Makumbusho ya Biblia ya Washington yalitangaza kwamba vipande vyake vyote 16, vilivyodhaniwa kuwa vya magombo ya Bahari ya Chumvi, ni bandia. Kwa hiyo picha ya safina ya Nuhu ikikufikia kwenye WhatsApp, uliza kwanza: nani alichimba, wapi, na kitu chenyewe kiko wapi leo?

Na hapa kwetu, madaftari ya ubatizo ya wazee wetu yanaliwa na mchwa na unyevu. Aliye nalo, hata likiwa vipande, asilichome moto. Alifunge katika kitambaa kikavu, asijaribu kubandua kurasa zilizoshikana, alilete kwa mchungaji wake.