Ufunguo Ukae Wapi?

Neno la siri la kompyuta ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa mashine ilikuwa ya wote, kila mtu alihitaji kulinda kazi yake, ndipo akapewa neno la siri. Lakini maneno yote yaliandikwa wazi katika faili moja, na mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi wa kutumia mashine, aliomba faili hilo lichapishwe, akachapishiwa.

Tovuti zilipoenea katika miaka ya 1990, kila moja ilitaka mgeni wake awe na akaunti, na maneno ya kukumbuka yakawazidi watu. Vivinjari vikaichukua kazi hiyo. Hapa ipo tofauti ambayo ni lazima ieleweke kwanza. Tovuti haihitaji kuhifadhi neno lako lenyewe. Inatosha kuhifadhi alama iliyotokana nalo kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, kisha kulinganisha alama kila unapoingia. Kivinjari hakina nafuu hiyo, kwani hudaiwa neno kamili, herufi kwa herufi. Hata kikilisimba, yaani kuligeuza maandishi yasiyosomeka, sharti kiwe na ufunguo wa kulisimbua. Ugumu wote ni mahali pa kuuweka ufunguo huo.

Firefox, iliyotoka mwaka 2004, iliuweka katika faili lake yenyewe, na ikamruhusu mtumiaji kuufunga kwa neno kuu la siri. Hakulazimishwa; asipoliweka, ufunguo na maneno vilikaa folda moja. Chrome, iliyofuata mwaka 2008, ilikabidhi kazi hiyo kwa mfumo wa kompyuta. Kwenye Windows, ulinzi ukafungamanishwa na akaunti ya mwenye kompyuta: akishaingia, programu zake zote zingeweza kuomba kusimbuliwa.

Agosti 2013 Elliott Kember, mtengenezaji wa programu, alilalamika hadharani kwamba yeyote aliyeketi mbele ya Chrome iliyo wazi angeweza kuyasoma maneno yote. Justin Schuh, mkuu wa usalama wa Chrome, alijibu kwamba aliyekwisha kuingia katika akaunti yako hazuiliki, na kuweka pazia kungekupa usalama wa uongo. Kwa mwizi mjuzi, Schuh alikuwa sahihi. Lakini wadadisi wengi nyumbani na ofisini si wajuzi, na kwao pazia linatosha. Kwa hiyo naona hoja ya Kember ilikuwa na uzito zaidi kwa mtu wa kawaida. Baadaye Chrome ilianza kudai neno la siri la kompyuta kabla ya kuonyesha yaliyohifadhiwa.

Mwizi mjuzi naye alikuja, kwa umbo la programu hasidi zinazojiendesha ndani ya akaunti ya mwathiriwa. Ziliiomba Windows isimbue, nayo ikakubali, kwa kuwa haikuuliza ni programu gani inayoomba. Mwaka 2020 Chrome ilibadili namna ya kusimba, lakini ufunguo mpya ukaendelea kulindwa na Windows ileile, na wezi wakazoea. Julai 2024 toleo la 127 lilileta huduma yenye mamlaka ya juu inayohakikisha kwamba anayeomba ni Chrome yenyewe, ikianza na vidakuzi, yaani data ndogo ambazo tovuti huziacha katika kivinjari ili ikutambue. Miezi michache baadaye wezi walikuwa wamepata njia za kuikwepa, ila sasa huwabidi kujipatia mamlaka makubwa au kujipenyeza ndani ya kivinjari, vitendo ambavyo programu za kupambana na virusi huweza kuvitambua.